Jina Nililoliacha Nje ya Orodha

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi ninayoikumbuka hata nisipotaka, na kila inaponijia nainamisha kichwa. Juzi uliponiambia umepata kazi ya kuandika watu wanaofika hapa Kamina wakikimbia vita, mama yako alipiga vigelegele, mimi nikanyamaza. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, ila kazi hiyo niliifanya mimi nikiwa na umri wako, na niliifanya vibaya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Keti, nikueleze.

Wakati ule vita vilikuwa upande wa mto na maziwa, kule wanakotoka samaki. Wewe unajua mji wetu ulivyo: reli zinakutana hapa, na barabara nazo, basi kila aliyekimbia alijikuta Kamina. Wengine walitokea Kabongo wakisukuma baiskeli, godoro limefungwa nyuma na bibi kizee amekaa juu ya godoro. Wengine walitokea Bukama juu ya mabehewa, katikati ya magunia ya samaki wakavu. Ofisi moja ya misaada ikaweka meza katika uwanja wa shule karibu na gare, stesheni ya treni, ikatafuta vijana waliomaliza masomo na wanaojua Kifaransa, Kiswahili na Kiluba. Mimi nilizijua zote tatu, na ya nne nikajua kujisifu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuisema. Unaandika jina la mtu, kijiji alichotoka, watoto alio nao, na nani aliyempoteza njiani. Kila Ijumaa tulinakili majina kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani. Vijijini mwao simu hazikuwapo, kwa hiyo ukuta ule ndio uliowakutanisha watu. Mume aliyepotezana na mkewe kwenye kivuko alikuja pale akashusha kidole jina kwa jina. Niliwaona watu wazima wakiibusu karatasi ile, wino ukawabaki midomoni, na hakuna aliyewacheka.

Siku ya kwanza shefu, mkubwa wetu wa kazi, alituuliza kama kuna kati yetu mwenye ndugu waliokimbia vita. Alisema mwenye nao hatafukuzwa, ila atapelekwa kwenye ghala la magunia, asije akawapendelea watu wake kwenye orodha. Wote tulisema hatuna. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, tena nikaongeza kwamba sisi ni wenyeji wa Kamina tangu babu alipofanya kazi ya reli, na kwetu vita tunavisikia redioni tu. Siku hiyo ilikuwa kweli. Ulimi, mwanangu, unakimbia kuliko miguu.

Wiki tatu baadaye akafika mama Numbi. Alikuwa mdogo wake mama yangu, na mama yangu alikuwa ameshafariki. Wewe unajua kwetu Baluba dada ya mama ni mama, hakuna neno lingine. Alikuja na kitenge kimoja na sufuria moja, miguu imevimba. Mume wake, Banza, walipotezana kwenye kivuko. Mtumbwi ulijaa wanawake na watoto, yeye Banza akabaki ng'ambo ile na baiskeli yake ili azunguke kwa nchi kavu, wakaagana kwamba watakutana Kamina. Banza alikuwa hajawahi kufika mjini kwetu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona, kwa sababu alimwoa mama Numbi baada ya msiba wa mama yangu.

Nilikuwa bado sijaoa, nakaa peke yangu katika vyumba viwili. Nilimpokea, nikampa kitanda changu, nami nikalala chini. Hilo nililifanya vizuri, niandikie. Lakini mjini watu walikuwa wamechoka na wageni. Walisema wameleta chawa, wameleta kuhara, wamepandisha bei ya unga. Kazini, tulipopumzika, wenzangu walikuwa wakiwaigiza wanavyotembea na mizigo yao, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Sasa niseme vipi kwamba mama yangu ni mmoja wao? Ningepoteza nini? Kiti safi tu, ningeenda kubeba magunia. Lakini niliona aibu. Jirani aliponiuliza yule mama ni nani, nilimjibu ni mtu wa kijijini amekuja kunisaidia kupika. Mama Numbi alikuwa nyuma ya pazia anasonga bukari, na alisikia. Aliniletea sahani yangu kama kawaida. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa kiti cha mbao.

Yeye alitaka kitu kimoja tu kwangu.

"Jina yangu umeshaandika?" aliniuliza siku ya pili.

Nikamwambia nimeandika. Nikamwambia pia asijisumbue kupanga foleni, mimi niko mezani, yote yamekwisha.

"Ni vizuri," akasema. "Banza akisoma ku ukuta, atanifikia."

Kila nilipotoka kazini aliniuliza kama Banza ameshauliza, nami nikamjibu bado. Moyoni nilijiambia kesho nitaliandika, nitalipenyeza katikati ya majina mengine, nani atajua? Kesho ilipofika shefu alikuwa karibu, au mwenzangu alikuwa anachungulia kitabu, nikasogeza mbele tena. Uongo haukai peke yake, huita wenzake.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Kulikuwa na baridi na vumbi, foleni imefika hadi barabarani. Mbele yangu akasimama mwanaume mwenye midomo iliyopasuka, ameshika baiskeli ambayo tairi lake la mbele lilikuwa limeviringishwa mipira ya zamani. Alikuwa ametoka ukutani. Akapiga makofi taratibu, kwa heshima, wanavyofanya watu wa kule, akanisalimu kwa Kiluba, mimi mtoto mdogo kwake.

"Mukubwa, minatafuta bibi yangu. Jina yake Numbi. Nimesoma karatasi yote mpaka ku mwisho, sikumuona. Angalia mu kitabu."

Shefu alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono juu ya kiti changu, anamweleza mgeni aliyetoka Lubumbashi jinsi orodha zetu zilivyo safi. Nilifungua kitabu. Nilipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba natafuta, hali nilijua kila mstari. Kisha nikasema, "Haiko," yaani hayumo.

Hakuondoka. "Iko na mutoto ya dada yake huku mu Kamina," akasema. "Ku nyumba banamuitaka Kalenga. Banasema anafanyaka kazi ya kuandika."

Kalenga ni mimi. Ni jina la babu, mama yangu ndiye aliyenipa, na pale kazini hakuna aliyelijua kwa kuwa wote waliniita kwa jina la ubatizo. Basi hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilimwambia simjui.

Na yeye akanishukuru, mwanangu. Hilo ndilo lisilonipita kooni hadi leo. Alipiga makofi mara mbili, akasema aksanti, akamwachia nafasi aliyekuwa nyuma yake.

Sikukusudia aende moja kwa moja. Niliwaza kwamba shefu akiondoka tu nitamfuata, nitampeleka nyumbani, tutacheka na mambo yatakwisha. Lakini mgeni alitaka kuona kila kitu, na hawakuondoka hadi jua lilipopita kichwani. Nilipotoka, watu wa mlangoni waliniambia yule mtu ameondoka pamoja na waendesha baiskeli waliokuwa wakirudi Bukama. Nilikimbia hadi mwisho wa nyumba za mji. Nikasimama pale nikitazama barabara, kisha nikarudi kazini. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo, lakini hata hapo bado ningeweza kwenda kumwambia mama Numbi ukweli, akatuma mtu kumfuata. Nilifika nyumbani, akaniuliza kama kawaida, nikamjibu kama kawaida.

Ukapita mwezi. Siku ya mapumziko akaja mama mmoja muuza samaki, mtu wa kijiji cha mama Numbi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na beseni lake, na alipomwona mama Numbi uani alishika kichwa kwa mikono miwili. Alidhani amekufa. Akaeleza kwamba Banza alipita Bukama, akawaambia watu kwamba huko Kamina ameuliza kwenye meza yenyewe, kijana akatafuta kitabuni mbele ya macho yake, mkewe hayumo, wala mtoto wa dada yake hajulikani. Basi akaona mkewe hakuvuka, amebaki kule kule kwenye mapigano, na lazima akamtafute. Watu walimkataza. Akavuka.

Mimi nilikuwa nimekaa kando, napiga viatu rangi. Mama Numbi alisikiliza hadi mwisho, akamchotea yule mama maji ya kunywa, akamsindikiza hadi njiani. Kisha akarudi akasimama mbele yangu, akanitazama. Mimi nikaendelea kupiga kiatu rangi. Aibu iliyonishika siku ile ningependa wewe usiijue kamwe.

Nilipoamka kesho yake hakuwamo ndani. Sufuria ilikuwa imeoshwa na kufunikwa. Nilikwenda kazini nikiwa na hofu, nikakaa mezani, nikaanza kuandika bila kuinua uso. Foleni ikasogea, na nilipoinua uso kumwita anayefuata, alikuwa ni yeye. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri pamoja na wenzake. Shefu alikuwa meza ya jirani. Niliinuka, nikataka kusema "mama".

"Kaa," akasema. "Andika."

Nikakaa. Nikaandika Numbi. Nikaandika kijiji. Mume: Banza, anatafutwa. Mstari wa mwisho wa karatasi uliuliza kama mtu ana ndugu mjini, na ilikuwa kazi yangu kuusoma kwa sauti. Sijui sauti ile niliipata wapi.

"Uko na ndugu hapa mu Kamina?"

"Nilikuwaka naye," akasema. "Siku Banza alimuuliza, hakukuwako. Andika haiko."

Niliandika hivyo hivyo, kwa mkono huu unaouona. Akapokea kibali chake cha kulala hemani, akaenda kwenye mahema ya uwanja wa shule, akakaa na wengine.

Ijumaa jina lake lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa, na Banza hakurudi kulisoma. Hakurudi mwezi ule wala mwaka ule, wala kaburi lake hatulijui. Nilimweleza shefu kila kitu, akanipeleka kwenye magunia, na nilipofika huko nikaona ni kazi ya kawaida, ya watu wa kawaida. Nilikwenda mahemani nikapiga magoti. Mama Numbi aliniinua, akanipa kigoda, akapokea unga niliouleta. Aliishi hapa Kamina miaka mingi baada ya hapo, akilima mihogo nje ya mji. Nilipougua homa aliniletea sombe, mboga ya majani ya mihogo, akampa jirani aniingizie. Nadhani alinisamehe. Lakini mlango wangu hakuuvuka tena hadi tulipomzika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Hao utakaowaandika, usiwaonee haya. Hakuna aliyechagua kulala chini ya hema, na vita havina mwenyeji, leo viko kwao, kesho hujui. Akija wa kwenu, mwandike wa kwanza, tena kwa sauti, shefu asikie, na kama ni kukuhamisha akuhamishe. Simu watakayokupa ya kuandikia watu itahesabu vizuri kuliko kitabu changu, lakini haitakuambia mtu amefichwa nyuma ya pazia la nani. Ingia nyumbani mwa watu, uliza kwa upole, maana wako wengi wanaofichwa na ndugu zao, nami nilikuwa mmoja wa waliowaficha. Na mtu akikuuliza jina la mtu wake, usiseme haiko kwa sababu tu karatasi haina. Inuka kwenye kiti, umfuate, hata kama shefu anakutazama. Kiti utakipata kingine.

Na jambo la mwisho, hili nakuomba, sikuamuru. Utafika kwenye ule mstari wa ndugu mjini, na utakutana na mtu atakayekuambia hana mtu hapa Kamina. Usimwandikie haiko. Andika Kalenga, kisha umlete nyumbani, mimi na mama yako tutakuwa tumefungua mlango.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho ya kuwaona watu na moyo usioona haya kwa walio wako. Walioachana njiani wakutane kwa mkono wako, na siku utakapozeeka ukikumbuka kazi hii, usiinamishe kichwa kama mimi.