Kiu ya Nkambo Musonda

Katika siku zote za usichana wangu, mwanangu, iko moja ambayo nikifumba macho naiona mpaka rangi ya kikombe. Ni Jumapili, nyumbani kwa baba yangu, hapa hapa Kenya, mtaa wetu huu, si ile nchi, na kikombe chenyewe cha bluu kimewekwa chini kikiwa bado kimejaa chai. Aliyekiweka alichukua kofia yake, akamwambia mama asante, akaondoka.

Sogea karibu. Babu yako yule pale kwenye kiti anajifanya amelala, lakini nimeishi naye miaka mingi, najua akilala kweli anavyokoroma. Anasikiliza, maana habari hii inamhusu, na nikikosea atakohoa. Nimeambiwa Jumapili ijayo unakwenda kwenye ule mjadala wa vijana wa msikiti na vijana wa kanisa, na kwamba siku hizi huli vizuri kwa kutafuta majibu kwenye simu. Majibu ni mazuri, tafuta. Mimi nataka nikupe kitu kingine cha kwenda nacho.

Baba yangu, Mwalimu Ramazani, alifundisha Kurani watoto wa mtaa huu. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Pasta Kunda, mtu wa Kasenga, kando ya mto Luapula, mchungaji wa kanisa la barabara ya pili kutoka kwetu. Kila Jumapili ibada ikiisha, Pasta alikuja kwetu, wakakaa kupiga masolo, yaani mazungumzo, mpaka jua linazama. Na masolo yao hayakuwa ya bei ya unga. Walizungumza juu ya Nabii Ibrahimu na mwana aliyetaka kumchinja, alikuwa yupi, na kwa nini vitabu vyetu haviafikiani hapo. Walizungumza juu ya yule mfalme wa Habasha, Mkristo, aliyefikiwa na Waislamu wa kwanza wakikimbia mateso, akakataa kuwatoa kwa maadui zao kabla hajawasikia wenyewe. Waliulizana kama wazee wa Luapula, waliosali kabla ya msikiti na kabla ya kanisa, walikuwa wakimwomba Mungu huyu huyu. Mama alikuwa akisema Pasta angekuwa mwanamke, yeye angekwisha kurudi kwao zamani.

Masolo yale yalikuwa na sharti moja tu. Mwenzako akisema neno lake, huruhusiwi kulijibu mpaka ulirudishe kwanza. Useme alichosema, chote, bila kukipunguza, mpaka mwenyewe aitikie, "Njo vile," ndivyo hivyo. Ukiacha kitu, unaanza upya. Nilimwona baba akirudisha neno la Pasta juu ya Utatu mpaka jasho linamtoka, na Pasta anatikisa kichwa, anacheka, anamwambia bado.

Sasa babu yako, Yusufu. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na sanduku zima la vitabu. Akaja kuniposa. Nisikufiche, nilikuwa nimekwisha kumtazama vya kutosha nyuma ya pazia, na pingamizi sikuwa nalo. Unaona? Anatabasamu, huyo aliyelala.

Baba hakumpa ndiyo wala hapana. Alimwambia, "Kuya siku ya Jumapili, ukae na siye." Yusufu alidhani amealikwa chai. Mimi nilijua anapimwa, na Jumapili ile jikoni nilimwaga sukari, kwa sababu nilimpenda na sikuwa na namna ya kumsaidia.

Walianza vizuri. Kisha Pasta alimgeukia kijana, akamwuliza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulitoa mbele ya baba.

"Mutoto yangu," alisema, "nkambo wangu, mama ya baba, alikuwa anaitwa Musonda. Balimukamata akiwa mutoto, kule Luapula, ye na mudogo wake. Bantu ya msafara njo balibakamata, bale benye kuuza bantu. Ule mwenye kubachunga alikuwa anasali. Kila saa ya sala anatosha maji mu kibuyu, ananawa mikono, ananawa uso, ananawa miguu. Na bale batoto biko na kiu, banaangalia maji inamwangika chini. Mudogo wake alikufa mu njia. Sasa weye uliyesoma, nakuuliza: ile sala, Mungu aliisikia?"

Baba aliinamisha kichwa. Watu wa kwake yeye walifika nchi hii kutoka Maniema na misafara ile ile, na alilijua hilo, na Pasta alijua kwamba analijua.

Yusufu hakurudisha neno. Sharti tulikuwa tumemweleza, nadhani aliliona la kitoto. Alijibu papo hapo. Akasema dini imesifu kumwacha mtumwa huru. Akamtaja Bilali, aliyekuwa mtumwa na akawa wa kwanza kuadhini. Akasema wale walikuwa wafanyabiashara, matendo yao si dini, na kwamba Wakristo nao walijaza watu kwenye meli. Aya baada ya aya, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Na hapa, mwanangu, shika vizuri: hakukosea mahali popote. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

Ndipo Pasta akakiweka kikombe, akaondoka.

Yusufu alimgeukia baba, na usoni niliona kwamba anangoja sifa. Baba alikuwa bado anautazama mlango.

"Umejibu muzuri," alisema. "Lakini hakuna mwenye alikuuliza ile. Alikuletea mutoto mwenye kiu, weye ukamupatia kitabu." Akauacha mlango, akamgeukia. "Na binti yangu Salima siku moja atakuletea neno yake. Utamufanya vile vile?"

Basi hilo likawa jibu la posa. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu, na siku ile hatukupika kitu chenye vitunguu.

Jumapili iliyofuata baba aliweka kikombe cha bluu mahali pake. Pasta hakuja. Iliyofuata tena hivyo hivyo, mpaka mama akakiosha na kukirudisha kabatini. Baba alikwenda kumtembelea. Alipokewa vizuri, akapewa kiti, wakaulizana hali za watoto, wakazungumza bei ya unga. Aliporudi nilimwona ghafla kuwa ni mzee. Nilijua kwamba mchumba nimemkosa, lakini kumwona baba akikaa peke yake Jumapili kuliniuma zaidi.

Na Yusufu hakuonekana tena. Mtaani walisema ameona haya. Wengine walisema ana mchumba mjini Likasi, na huyo wa Likasi nilimchukia sana, ingawa hakuwepo.

Kumbe alikuwa amepanda lori la wafanyabiashara wa samaki, amekwenda Kasenga.

Kule alikuwako dada mkubwa wa Pasta, Mama Chola, aliyelelewa na nkambo Musonda mwenyewe. Wazia mama yule anafungua mlango asubuhi, anamkuta kijana wa kanzu na kofia. Alimwuliza anataka nini. Yusufu akamwambia, "Mama, nilisikia neno ya nkambo Musonda nusu. Nimekuya kuisikia yote." Mama Chola akamwacha hapo nje, akaenda zake kwenye samaki wake. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu akamtolea kigoda.

Alianza kusimulia. Alieleza kijiji, na mashamba ya muhogo, na jinsi wale watoto wawili walivyokamatwa wakirudi mtoni. Alipofika kwenye yale maji, saa ya adhuhuri ilikuwa imeingia, na mtungi ulikuwa hapo hapo kati yao. Mama Chola akakatisha. Akamtazama machoni.

"Saa ya kusali yako imefika," alimwambia. "Unataka maji ya kunawa?"

"Hapana, mama. Saa ingali iko. Maliza kwanza."

Akamaliza. Alieleza mdogo mtu alivyoachwa kando ya njia, na Musonda alivyojitupa kwenye matete walipokuwa wanavuka mto, akakaa humo mpaka msafara ukapita. Yusufu alirudisha neno lile lote. Mama Chola alimsahihisha, akarudisha tena, akasahihishwa tena. Mwishowe mama yule aliinuka, akachota maji, akamwambia anyooshe mikono. Akammiminia yeye mwenyewe.

Hapo babu yako hawezi kujifanya amelala. Mtazame.

Alirudi na furushi la samaki wakavu kutoka kwa Mama Chola kwenda kwa mdogo wake, Pasta. Haya, amekohoa: walikuwa wa chumvi. Samaki wa chumvi, basi. Alipitia kwetu, akamwomba baba amsindikize kwa Pasta, na mimi nikaomba kuwabebea furushi, ingawa lilikuwa jepesi na kila mtu aliona nilivyotaka kufika.

Pasta alitukaribisha sebuleni. Yusufu hakukaa. Unajua sisi tunavyopokea hadithi za Mtume: kabla ya maneno yenyewe, unataja nani amesikia kwa nani, mmoja mmoja, mpaka kwa yule aliyeona. Babu yako alikuwa amesomea jambo hilo miaka kadhaa. Alisimama mbele ya yule mchungaji jinsi alivyosimama mbele ya walimu wake, akasema:

"Nimesikia kwa Mama Chola, mwenye alisikia kwa nkambo Musonda, mwenye aliona na macho yake."

Kisha akalisema lote. Muhogo, mto, maji ya kunawa, matete. Hakulainisha kitu. Alisema kwamba yule mlinzi aliomba kwa sala yetu hii hii, akielekea kibla chetu hiki hiki, na nilimwona baba akifumba macho. Akataja hata jina la yule mdogo aliyekufa njiani. Aliitwa Chansa. Pasta hakuwahi kulisikia jina hilo. Nyumbani kwao lilikuwa halitamkwi, kwa uchungu.

Machozi yalimshuka Pasta na hakuyafuta.

"Njo vile," alisema. Halafu, "Na jibu yako iko wapi?"

"Sina, Papa Pasta. Ile sala, siwezi kuisemea."

Nilidhani mambo yameharibika upya. Lakini Pasta alimgeukia baba, akamwambia kwa sauti yake ile ya zamani, "Mwalimu, Jumapili mwambie mama ya Salima apunguze sukari. Chai yake itaniua." Na baba, mtu mzima yule, alicheka huku analia.

Njiani kurudi, baba aliniuliza kama bado namtaka huyu kijana. Nilijifanya nafikiri mpaka tukafika kona ya kiwanda cha mbao. Tangu hapo mpaka leo, nikimkasirikia, yeye hunirudishia kwanza neno langu lote: "Umesema nimesahau, umesema si mara ya kwanza, umesema umechoka." Wakati mwingine inaniudhi zaidi. Lakini sijawahi kulala katika nyumba hii nikiwa mtu asiyesikika.

Masolo yaliendelea miaka na miaka. Kuhusu Ibrahimu na kuhusu Utatu, kila mmoja alikufa na imani yake, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Baba alitangulia. Alipokufa Pasta, mwanawe wa kwanza alikuja hapa mlangoni akiwa na macho mekundu. Mama Chola alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wa Pasta walizaliwa mjini, wakakulia shuleni. Alisema, "Papa Yusufu, kule kwa kilio bantu banauliza habari ya nkambo Musonda. Siye hatuijue. Baba alitwambia weye njo uko nayo."

Mwanangu, babu yako alivaa kofia yake, akaenda, akasimama katikati ya wimbo wa kanisa na wale wamama wa kanisa waliovaa vitenge vya namna moja, akaanza kama siku ile: nimesikia kwa Mama Chola. Wajukuu wa Pasta walimsikia Chansa kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa Mwislamu. Kama kijana yule angebaki na majibu yake mazuri, wale watoto wawili, Musonda na Chansa, wangezikwa siku ile pamoja na Pasta.

Basi nasaha yangu ni hii. Jumapili nenda, usiogope, na ulichosoma kiseme. Dini yetu ina cha kusema. Lakini mwenzako akileta neno, angalia kwanza kama ni hoja au ni jeraha. Vyovyote iwavyo, mrudishie neno lake mpaka akubali kwamba ndilo. Ukiwa na jibu, utalitoa baadaye, nalo litakuwa jibu la swali alilouliza. Na ukiwa huna, sema huna, mbele ya watu wote. Wenzako watakucheka kidogo. Babu yako walimcheka, na akanipata mimi.

Mungu akupe elimu na akupe masikio ya kuibeba. Akujalie marafiki wasioafikiana nawe na wasiokuacha. Akuweke mbali na ushindi unaomfanya mtu aache chai yake. Amina.

Sasa, kabla hujaondoka, nirudishie. Anza mwanzo, na babu yako akikohoa, uanze tena. Useme umesikia kwa bibi yako Salima, aliyesikia kwa Yusufu, aliyesikia kwa Mama Chola, aliyesikia kwa nkambo Musonda, aliyekuwa mtoto, na aliyekuwa na kiu.