Nilivyoikana Nyumba Yangu ya Iyunga

Miaka yote ya udalali hapa Mbeya nimeuza nyumba za watu kwa mdomo huu huu. Yangu ikanishinda.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, Iyunga, niliyoijenga kidogo kidogo nikisema itatulea uzeeni. Kisha mke wangu akaambiwa ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia, daktari alisema, lifanyiwe upasuaji upesi, maana nuru ikipotea hairudi tena. Nikasema nyumba iuzwe. Na nani aiuze kama si mimi?

Sasa sikia ujinga wetu madalali. Dalali hasemi kitu ni chake. Akisema, mteja anajiuliza: huyu anayejua viwanja vyote vya mji, mbona hiki anakiacha? Basi tunamtunga mwenye mali, tunamweka mbali, na bei ikibanwa tunasema, "Ngoja nimpigie mzee." Wa kwangu nilimweka Iringa, mzee mstaafu. Shemeji yangu anayeishi huko, kaka wa mke wangu, akakubali kupokea simu kwa sauti nzito.

Akaja mama mmoja, muuza mchele wa Mbalizi. Alifungua mabomba, akagonga kuta, akaipenda. Nikampigia mzee mbele yake. Shemeji akakohoa vizuri sana, akakataa bei mara mbili, ya tatu akakubali. Moyoni nikasema tumemaliza. Lo, mjinga mimi!

Yule mama alikwenda peke yake kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia mipaka. Mwenyekiti, wala hakuwa na ubaya wowote, akamwambia, "Mwenye nyumba si huyo huyo aliyekuleta?"

Aliporudi hakupiga hata kelele. "Kaka yangu, kama unaikana nyumba yako mwenyewe, mimi nikinunua nitakuta nini humo?"

Nikamweleza yote, nikatoa na karatasi ya daktari mfukoni. Akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili. "Pole sana. Lakini hata hii sasa nitaiaminije?" Akapanda bajaji akaondoka. Nilitaka kumkimbilia, lakini nikamwambie nini?

Wenzangu kijiweni walinicheka, halafu wakanionea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Kila mteja aliyefuata nilimwambia ukweli tangu getini, nao wakaondoka vilevile. Mwezi ukaisha, wa pili, wa nne. Nyumbani tulikopanga namwona mke wangu anapapasa meza akitafuta kikombe chake, na mimi sina la kufanya. Nilijichukia, nasema wazi.

Mwishowe mwalimu mmoja aliinunua. Siku ya kukabidhi funguo mke wangu aliomba twende wote akaiage. Nikamshika mkono. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta, kisha akaniuliza nilizipaka rangi gani.