Wiki Mbili Bila Ufagio

Jumamosi iliyopita tulimhamisha mama kutoka Columbia Heights, na tuliposogeza jiko tukakuta makombo ya miaka mingi. Mama alicheka hadi akaketi juu ya katoni. Akasema hayo aliyaacha nyanya yangu. Basi rafiki yangu, kiangazi kile kikanirudia chote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mgeni Marekani. Mama alikuwa akihudumia wazee Eden Prairie, akipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Nyanya alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nakuru, na jikoni kulinukia vitunguu na chai ya maziwa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa shule ya likizo ya watoto wasiojua Kiingereza vizuri. Mwalimu alisema kila mmoja atazungumza mbele ya darasa, na atakayejieleza sawasawa atajiunga na darasa la kawaida shule zikifunguliwa. Niliapa kutoka mle. Nikachagua historia ya vyombo vya anga vilivyobeba watu na kutua kama ndege, kwa kuwa cha mwisho kiliruka wiki ileile.

Mazoezi niliyafanya jikoni, kwa Kiingereza kwanza, kisha nikimfasiria nyanya huku akikata sukuma: wale wawili waliotangulia kuruka navyo, darubini ambayo wengine waliirekebisha hukohuko juu, kituo cha anga walichokijenga kipande kwa kipande. Yeye alikuwa na swali moja tu, kama walifika. Nikamwambia wengi walifika, ila vyombo viwili vilipotea, kila kimoja na watu saba. Hao nilipanga kuwaruka, maana kila nikiwafikia nilitaka kulia.

Nyanya akaweka kisu chini. Kwake yeye nyumba haifagiwi msafiri akiwa njiani, usije ukafagia nyayo zake. Akauliza walioko juu sasa ni wangapi. Nikasema wanne. Akachukua ufagio, akaufungia chumbani.

Karibu wiki mbili tulikanyaga unga wa chapati na maganda ya vitunguu. Mama alivumilia hadi uvumilivu ukamwisha.

"Mum, hao hata hatuwajui. Na landlord anakuja ku-inspect Friday."

"Wana mama zao," nyanya akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe usiwaruke wale kumi na wanne. Aliyefika hujitaja mwenyewe. Asiyefika hutajwa na wenzake."

Siku yangu ilifika wale wanne wakiwa wametua salama. Wavulana wa nyuma walicheka lafudhi yangu. Nilipowafikia wale kumi na wanne machozi yakanitoka, na mwalimu akaniashiria nikae. Sikukaa. Nilimaliza neno kwa neno, kamasi zikinitoka, na Septemba nikaingia darasa la kawaida.

Vyombo vile sasa vimewekwa makumbusho, haviruki tena. Nyanya alirudi Nakuru, akafariki wakati wa korona, nami nikayaona mazishi yake kwenye simu. Tangu hapo nimekuwa nikikwepa kumzungumzia, kwa sababu bado inaniuma sana.

Jumamosi ile mtoto wa kaka yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, huyo nyanya alikuwa nani. Niliketi naye sakafuni, nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili. Nililia, lakini sikunyamaza.