Kofia ya Pile Isiyofungwa Pindo

Pale kijijini Pile kofia husukwa kabla jua halijachomoza. Chane za toquilla, mmea wa majani ya kusukia, zinataka ukungu. Jua likipanda hukakamaa na kukatika kama kucha za mzee. Eleuterio Anchundia alilijua hilo tangu ana miaka saba. Sasa alikuwa na sabini na minne, na kifua chake kilikuwa kimeota sugu pale alipozoea kukilaza juu ya gogo la kusukia.

Zamani ukipita alfajiri ulikuta kila baraza ina watu saba, wanane, wote wameinama, na hadithi moja inahama nyumba hata nyumba. Baraza hizo siku hizi ni za kuku. Vijana wako mjini Manta wanajaza samaki kwenye makopo, na wakirudi Jumapili wanauliza kama mzee bado anachezea majani.

Ndiyo maana Paulina, afisa wa kuitangaza nchi, alipotoka Quito na kuagiza kofia moja ya kupelekwa kwenye maonyesho ng'ambo, Eleuterio hakuuliza ila neno moja.

"Ndani itaandikwa Pile?"

"Itaandikwa, mzee. Safari hii dunia itaijua kwa jina la kwao."

Hilo ndilo donda la pale. Kofia inasukwa Ecuador, dunia nzima inaiita Panama, kwa kuwa ilipitia bandari ya huko, na wachimba dhahabu na wachimba mfereji wakaikuta sokoni. Mtoto kazaliwa huku, kapewa jina la mlango aliopitia. Baba yake Eleuterio alikufa na kinyongo hicho.

Kazi ilichukua miezi mitano. Jicho la kushoto lilikuwa limefifia, akawa anahesabu chane kwa ncha za vidole. Alijua kwamba hatasuka nyingine kama ile. Ikabaki kufunga pindo, na pindo hafungi msukaji. Hiyo ilikuwa kazi ya Deifilia, mjane wa kaka yake, jirani wa mlango wa pili.

"Shemeji, hii umeisuka au umeipuliza kwa pumzi?"

"Funga pindo, wacha maneno."

"Nifunge upesi, kesho ukose kisingizio cha kuja kwangu?"

Paulina alirudi kabla pindo halijaguswa, saa sita mchana, pamoja na mpiga picha. Wakamtaka Eleuterio avue viatu, akae juani, asuke.

"Saa hizi hatusuki, binti. Zitakatika."

"Jifanye tu, mzee."

Akajifanya. Chane tatu zilikatika, na aliyesikia ni Deifilia peke yake. Kisha Paulina akatoa utepe wa ngozi wa kushonewa ndani ya kofia. Eleuterio, ambaye hakuliamini tena jicho lake, akampa Deifilia asome.

"Panama Halisi," alisoma Deifilia. "Chini yake, kwa herufi kama sisimizi, jina la nchi yetu."

"Na Pile?"

"Pile sijaiona, shemeji. Labda upande wa pili." Akaugeuza. Upande wa pili ulikuwa ngozi tupu.

Paulina hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha uso. "Nilipigania, mzee. Lakini mnunuzi wa nje hatafuti Pile, hajui hata kama ipo. Tukiliondoa lile neno, kofia italala dukani. Tuanze na jina wanalolijua, halafu polepole..."

"Polepole hiyo, hata baba yangu aliahidiwa."

Mpiga picha akajishughulisha na mikoba yake.

"Mama Deifilia," alisema Paulina, "pindo litachukua muda gani?"

Deifilia akamtazama shemeji yake.

"Pindo halifungwi," alisema Eleuterio. "Kofia bado."

"Bado nini, mzee? Ukingo si umetosha?"

"Kwa macho yako."

Waliondoka na picha, kwa kuwa picha zilikwisha kupigwa. Ilisemekana kofia walipata kwa mtu mwingine, mji wa Montecristi.

Kesho yake alfajiri Eleuterio alilaza kifua juu ya gogo, akaunga chane mpya, akaendelea kusuka. Kesho kutwa pia. Hata ilipokaribia Krismasi ukingo ulikuwa umetanuka kama ungo.

"Kichwa cha nani hicho?" aliuliza Deifilia, kikombe cha kahawa mkononi. "Watu watasema unasuka mwavuli."

"Waseme. Kofia isipokwisha, hiyo ngozi yao wataishonea wapi?"

Deifilia alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kigoda, akatwaa fungu la chane, akawa anamchambulia. Ukungu ulikuwa mzito. Akaanza kuwataja waliokuwa wakikaa katika baraza zile, nyumba moja baada ya nyingine, nani alikuwa na mkono mwepesi, nani alikuwa mwongo. Alipofika nyumba ya juu kabisa akasahau mmoja, akanyamaza akimtafuta. Eleuterio, bila kuinua kifua, akamtaja.