Ubani wa Salala

Eda yangu ilikwisha Jumapili, tarehe kumi na mbili Oktoba. Alhamisi, tarehe kumi na sita, nilitoka nyumbani kwangu Ghubra, hapa Maskati, kwenda Salala, mji wa kusini mwa Omani alikozaliwa marehemu mume wangu. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yetu sikuwahi kufika. Bibi yake alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka pwani ya Afrika. Walioniuliza asili yake hapa Maskati niliwajibu kwamba mume wangu ni mtu wa kusini, basi. Mwenyewe alinisikia, na hakunisahihisha.

Nilikwenda kumwomba radhi dada yake, ingawa sikuwa nimeamua kwa maneno gani.

Wifi yangu alinionesha kwanza ngoma za ukoo, nne, zimeegemezwa ukutani. Bibi yao ndiye aliyewafundisha wanawake wa mtaa kuzipiga. Kisha tukakaa. Sijamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa, akainuka, akarudi na chetezo cha ubani. Kwetu Maskati chetezo kikifika, mgeni huaga. Nilijua nimefukuzwa kwa adabu. Nikasimama, nikashukuru.

"Unakwenda wapi, wifi?" aliuliza kwa Kiarabu chao. "Huku tunafukiza tangu asubuhi. Mgeni tusiyemtaka hatumpi hata moshi."

Binti zake wakacheka. Nikakaa.

"Kaka yangu alisema ulianza shule pamoja na wajukuu zako."

"Nilianza nikiwa na miaka arobaini na sita. Wakati huo sikuwa na mjukuu."

"Vyema. Basi kuandika unajua. Andika."

Nilitoa daftari. Alinitajia wazee wao mmoja baada ya mmoja, wote kwa kichwa. Alipofika kwa bibi yao akaongeza: "Andika na hili: alinunuliwa."

Mkono wangu ulisimama.

"Wino umekwisha, bibi msomi?"

Niliandika. Akataka nimsomee, nikasoma kwa sauti mbele ya binti zake, na neno lile nikalisoma. Radhi sikuiomba tena, wala yeye hakusema kwamba amenisamehe. Aliinama, akakiweka chetezo chini ya pindo la buibui langu, akakishikilia hapo mpaka moshi ukapanda.

Jumanne, tarehe ishirini na moja, majirani walikuja kwangu Ghubra kunywa kahawa. Mmoja wao, aliyehamia karibuni, aliuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi hasa.

Nilikwenda chumbani kuchukua daftari.