Neema Apate Kwao Kabla ya Kutolewa

Usiku ule nililala bila kula kwa hasira. Mchana afisa ustawi wa jamii alikuwa amemtazama mwanangu mgongoni, akacheka: "Wewe mwenyewe bado mtoto. Utamlea nani?" Nilikuwa nimeenda kuomba nimchukue Neema, niliyelelewa naye makao ya watoto. Karibuni anatimiza miaka kumi na minane, atatolewa na godoro lake, basi. Nilitaka aje kwangu mapema, azoee maisha, kwangu pawe kwao. Kila nikienda naambiwa, njoo wiki ijayo. Safari hii nilimwambia afisa sirudi tena kubembeleza.

Nikalala. Nikajikuta bwaloni kwetu, makaoni. Mama Sikujua, mpishi wetu, marehemu tangu niko kidato cha pili, anasonga ugali. Jikoni watoto tulikatazwa kuingia. Chakula kilikuja kengele ikilia. Ananiita kwa mwiko. Naingia, na jiko limekuwa chumba changu cha kwanza cha kupanga, kile ambamo nilipika maharage yangu mwenyewe nikakaa mbele ya sahani, nasubiri kengele. Yakapoa. Jirani alinicheka mpaka akakaa chini.

Ila aliyekaa mbele ya sahani si mimi. Ni Neema, mikono mapajani.

"Huyu nani atamwambia ale?" Mama Sikujua anauliza.

Namjibu nimeshasema mpaka koo limekauka.

"Umesema mdomoni, mwanangu. Ya mdomoni yanafagiliwa jioni pamoja na makombo. Andika. Na hiyo hasira punguza moto kidogo, usije ukaunguza sufuria."

Anamshika Neema mkono, anauweka kwenye mkono wangu. Una joto kabisa.

Niliamka mwanangu ananivuta kanga. Sikungoja chai. Niliandika, nikaenda kwa mkuu wa yule afisa, nikasimama mezani mpaka karani akaigonga barua yangu muhuri wa kupokelewa:

"Nalalamika kwamba ombi langu la kumchukua Neema halijasikilizwa, ila nimechekwa. Mimi nilitoka makao hayo sijui kununua hata chumvi, na sikuwa na mlango wa kurudia nikishindwa. Nimejifunza kwa kuumia. Neema asijifunze hivyo. Naomba mje mkague kwangu, aanze kulala kwangu mwisho wa wiki, na asitolewe mpaka nijibiwe kwa maandishi. Chumba kipo. Kitanda nimeshatandika."