Niliwahi kumshauri mwenzangu aende machimboni nikidhani ni zoezi la English

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kitu kimenikaa moyoni miaka mingi. Nakiandika kama kilivyotokea, chumvi sijaongeza.

Nimesoma sekondari ya kata huku Samuye, Shinyanga. Form Two, Madam Neema alitufundisha maneno ya kushauri kwa Kiingereza, should, ought to na had better, kwa mtindo wake: kila mtu anaandika tatizo kwenye karatasi bila jina, wengine wanatoa ushauri.

Aisee, nazikumbuka zile Ijumaa! Ng'ombe wanapita nje ya dirisha, sisi ndani tunaitikia "You should! You ought to!" kwa lafudhi ya Kisukuma mpaka madam mwenyewe anacheka.

Siku moja nikachomoa karatasi yenye herufi kubwa tupu: "My mother is sick. My uncle wants to take me to Geita to dig gold. What should I do?"

Nikajua ni ya kutunga. Na nilipenda sifa.

Nikasimama. "You should go! And you had better buy a strong torch!"

Darasa zima kicheko. Masanja, aliyekaa nyuma yangu, naye alicheka.

Jumatatu hakuja. Tukasikia mjomba wake kamchukua, wako Geita.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Hadi nimemaliza chuo, na sasa niko nyumbani nasubiri ajira, kila nikisikia shimo la wachimbaji limetitia natafuta jina lake.

Mwezi uliopita nikamkuta Masanja pale senta ya Kagongwa, anapakia mchele kwenye lori. Mzima, na kitambi kinaanza.

"Mwangaluka, msomi!" akanisalimia kwa Kisukuma.

Nikaomba msamaha hapohapo. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma.

"Wewe nani unitume? Mjomba alishapanga safari."

Akafunga gunia, kisha akasema taratibu, "Ila siku ile nilitaka nisikie mtu mmoja tu akisema nibaki."

Nikamsaidia kushika gunia lililofuata.

Nilichojifunza: siku hizi mtu akiniuliza, "Hivi mtu akipatwa na jambo fulani afanyeje?", sikimbilii kushauri. Namuuliza kwanza, "Ni wewe?"

Kuna mwingine humu aliyewahi kulijibu kwa utani swali ambalo halikuwa la utani? Andikeni, nitasoma yote.